Kuzuia Matangazo kwa Nyumba Nzima: Mwongozo wa Kusimika Seva ya DNS ya Nyumbani

Ukurasa mmoja wa tovuti unaofunguliwa kwenye simu huletwa na seva nyingi kwa pamoja. Maandishi na picha za habari hutoka kwa mwenye tovuti, ilhali matangazo ya biashara, video zinazojianzisha zenyewe na vijiprogramu vinavyoandika nani amesoma nini na kwa muda gani hutoka kwa makampuni mengine ambayo msomaji hakuyaita wala hayajui kwa majina. Mizigo yote hiyo hupita katika njia moja ya intaneti, na katika kaya inayotumia kifurushi chenye kikomo, gigabaiti zinazobebwa na matangazo hukatwa katika bando lilelile lililonunuliwa kwa ajili ya masomo ya watoto, kazi za ofisini na mawasiliano na ndugu walio mbali.

Programu ya kuzuia matangazo inayowekwa ndani ya kivinjari huisaidia kompyuta moja, lakini haiifikii televisheni janja, wala michezo iliyomo katika simu ya mtoto, wala simu ya mgeni aliyeomba nenosiri la Wi-Fi. Njia ya kuvifikia vifaa vyote hivyo kwa mara moja ni kusimika nyumbani seva ndogo ya DNS inayokataa kutaja anwani za seva za matangazo. Mwongozo huu unaeleza kazi hiyo kwa kutumia Pi-hole, programu huria isiyolipiwa iliyoanzishwa na Jacob Salmela mwaka 2014. Amri zinazotajwa humu ni za toleo la 6, lililotolewa Februari 2025. Jambo moja litasisitizwa kila mahali, kwa kuwa maelekezo mengi hulipita haraka: anayesimika seva hii anakuwa mtoa huduma wa familia yake, na watu ambao hawajui hata kama seva ipo wataitegemea kila wanapogusa simu. Kwa sababu hiyo uthabiti wa huduma una uzito kuliko wingi wa matangazo yanayozuiwa.

Kwa nini uzuiaji uwekwe kwenye DNS

DNS, yaani Mfumo wa Majina ya Vikoa, ni huduma inayolibadili jina linaloandikwa na binadamu kuwa anwani ya IP, ambayo ni namba inayotumiwa na mashine kutafutana. Kabla ya mfumo huu kuwapo, kompyuta zote za ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, zilitegemea faili moja la majina, HOSTS.TXT, lililotunzwa katika taasisi ya utafiti ya SRI huko Menlo Park, California, na kila kituo kililazimika kulinakili upya mara kwa mara. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni DNS ili kazi hiyo igawanywe kwa seva nyingi. Hata hivyo faili la zamani halikutoweka, kwani kompyuta za leo bado zina faili la hosts, na mtumiaji akiandika humo jina la seva ya matangazo pamoja na anwani isiyofika popote, tangazo haliji. Orodha nyingi za kuzuia zinazotumika sasa bado huandikwa kwa muundo wa faili hilo.

Pi-hole hufanya jambo hilohilo kwa niaba ya nyumba nzima. Simu inapouliza anwani ya ad.doubleclick.net, Pi-hole hutazama orodha yake, na ikilikuta jina hilo hujibu 0.0.0.0, anwani ambayo haina mwenyewe, hivyo simu hukosa pa kwenda. Jina lisilomo katika orodha hupelekwa kwa seva ya juu, yaani seva ya DNS iliyoko nje ya nyumba ambayo Pi-hole huiuliza yale isiyoyajua, na jibu linaloletwa huhifadhiwa kwa muda ili likihitajika tena litolewe papo hapo. Faida kubwa ni kwamba ombi hukatwa kabla data haijasafiri, tofauti na mbinu za kulificha machoni tangazo ambalo tayari limekwisha kupakuliwa na kulipiwa.

Mipaka ya mbinu hii hutokana na jinsi inavyofanya kazi. DNS huona jina la seva tu. Haioni ukurasa, picha wala video inayoombwa kutoka kwa seva hiyo.

> Kisanduku: Yale ambayo seva ya DNS haitayaondoa
> – Matangazo ya YouTube, kwa sababu hutolewa na seva zilezile zinazotoa video. Kuzizuia ni kuizuia YouTube yenyewe.
> – Matangazo yaliyochanganywa na taarifa za marafiki ndani ya Facebook na Instagram, kwa sababu hiyohiyo.
> – Matangazo yanayoonekana simu inapotumia data ya laini, nje ya Wi-Fi ya nyumbani.
> – Nafasi tupu zinazobaki mahali palipokuwa na tangazo.

Kwa hiyo kivinjari cha kompyuta kibaki na programu yake ya kuzuia matangazo, kwa kuwa kila kimoja hukifikia kile ambacho kingine hakikifikii.

Vifaa, na suala la umeme

Pi-hole haihitaji mashine kubwa. Kumbukumbu ya RAM ya megabaiti 512 inatosha, na nafasi ya hifadhi ya gigabaiti 4 inatosha vilevile. Wengi hutumia Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ubao mmoja iliyoanza kuuzwa mwaka 2012. Hata Raspberry Pi Zero 2 W, ambayo ni miongoni mwa aina ndogo kabisa, ina RAM ya megabaiti 512. Aina yenye tundu la kebo ya mtandao ni bora zaidi, kwa sababu seva iliyofungwa kwa waya haiathiriwi Wi-Fi inapozidiwa.

Kuna chaguo la pili ambalo halisifiwi inavyostahili, nalo ni kompyuta mpakato kuukuu iliyowekwa mfumo endeshi wa Debian. Penye mgao wa umeme au umeme unaokatika bila taarifa, kompyuta mpakato ina betri yake yenyewe na hivyo haizimiki ghafla, ilhali Raspberry Pi hutegemea kadi ya kumbukumbu ambayo inaweza kuharibika umeme ukikatika wakati inaandikwa. Mwenye kutumia kompyuta mpakato azingatie mambo mawili. Kwanza, betri iliyovimba iondolewe mara moja, kwa maana ni hatari ya moto. Pili, katika faili la /etc/systemd/logind.conf iandikwe HandleLidSwitch=ignore ili mashine isilale kifuniko kinapofungwa.

Suala la umeme lina kipengele kingine ambacho hupotosha wengi. Ruta na seva zote zikizimika pamoja, hakuna tatizo jipya, kwani intaneti yenyewe haipo. Tatizo huzuka pale ruta inapokuwa na UPS yake ndogo, yaani betri ya akiba, na seva haina: alama ya Wi-Fi itaonekana kuwa imejaa, lakini hakuna ukurasa utakaofunguka, kwa kuwa hakuna wa kutafsiri majina, na wanafamilia watailaumu kampuni ya intaneti ambayo haina kosa. Kama ruta ina umeme wa akiba, seva iunganishwe kwenye akiba hiyohiyo.

Hatua za kusimika seva

Katika mfano unaofuata, ruta ina anwani 192.168.1.1 na seva itapewa 192.168.1.2. Ruta nyingine hutumia 192.168.0.1, 192.168.8.1 au 192.168.100.1; anwani halisi huandikwa kwenye kibandiko cha chini ya ruta, na tarakimu za seva zifuate zile za ruta isipokuwa ya mwisho.

1. Mfumo endeshi uandaliwe. Kwa Raspberry Pi, programu ya Raspberry Pi Imager huandika Raspberry Pi OS Lite kwenye kadi, na kabla ya kuandika huruhusu kuweka jina la mtumiaji, nenosiri, na kuwasha SSH, yaani njia salama ya kuiamrisha mashine kutoka kompyuta nyingine.

2. Seva ipewe anwani isiyobadilika. Njia nyepesi ni kuingia kwenye ruta, kutafuta sehemu ya DHCP, ambayo ni huduma inayogawa anwani kwa kila kifaa kinachojiunga, na kuiagiza iitunzie seva anwani 192.168.1.2 kwa kutumia namba ya MAC ya seva, yaani utambulisho wa kadi yake ya mtandao. Seva inayobadili anwani ni sawa na duka linalohama kila wiki bila kuwaaga wateja.

3. Mfumo usasishwe kwa amri mbili: *sudo apt update*, kisha *sudo apt upgrade*.

4. Pi-hole ipakuliwe kwanza, kisha iendeshwe:
   *wget -O basic-install.sh https://install.pi-hole.net*
   *sudo bash basic-install.sh*
   Ipo amri fupi ya mstari mmoja inayopakua na kuendesha kwa pamoja, lakini njia hii ya hatua mbili humpa msomaji nafasi ya kulifungua faili na kuona kilichomo kabla ya kulipa mamlaka yote juu ya mashine yake. Tabia hiyo ifuatwe kwa programu yoyote inayotoka kwenye intaneti.

5. Maswali ya usimikaji yajibiwe. Panapoulizwa kiunganishi cha mtandao, ichaguliwe eth0 kwa Raspberry Pi iliyofungwa kwa kebo, au jina la kadi ya waya linaloonyeshwa kama ni mashine nyingine. Panapoulizwa seva ya juu, ichaguliwe moja inayoaminika: Quad9 yenye anwani 9.9.9.9, ambayo huendeshwa na taasisi isiyo ya kibiashara yenye makao Uswisi na huzuia pia majina ya tovuti hatari zinazojulikana; Cloudflare yenye 1.1.1.1, au Google yenye 8.8.8.8. Orodha ya kuzuia inayopendekezwa, ile ya StevenBlack, ikubaliwe.

6. Nenosiri la msimamizi libadilishwe kwa amri *sudo pihole setpassword*, kisha ukurasa wa usimamizi ufunguliwe katika kivinjari kwa anwani http://192.168.1.2/admin.

7. Jaribio lifanyike kutoka kompyuta nyingine kwa amri *nslookup ad.doubleclick.net 192.168.1.2*. Jibu la 0.0.0.0 linaonyesha kuwa uzuiaji unafanya kazi. Jina la tovuti ya kawaida, kwa mfano wikipedia.org, lilete anwani halisi.

Hapa wengi hufanya haraka na kuhamia kwenye ruta jioni ileile. Msomaji anashauriwa asubiri. Abadilishe DNS ya kompyuta yake pekee iwe 192.168.1.2, aitumie hivyo kwa siku tatu au nne, afungue tovuti ya benki, barua-pepe na mifumo ya kazini, na ajue ni kipi kinakwama kabla mtu mwingine hajakutana nacho.

Kuiunganisha nyumba nzima kupitia ruta

Kazi iliyobaki ni kuifanya ruta iviambie vifaa vyote kwamba DNS yao ni 192.168.1.2. Kabla ya kugusa chochote, kila ukurasa wa mipangilio utakaobadilishwa upigwe picha kwa simu, ili njia ya kurudi iwepo.

1. Ukurasa wa ruta ufunguliwe katika kivinjari na msimamizi aingie kwa nenosiri lake. Kama nenosiri bado ni lile la kiwandani, lianze kubadilishwa hilo.
2. Sehemu ya LAN, yaani mtandao wa ndani ya nyumba, itafutwe, na ndani yake DHCP. Mahali palipoandikwa "Primary DNS" iandikwe 192.168.1.2.
3. Mahali palipoandikwa "Secondary DNS" paachwe wazi, au anwani ileile ya 192.168.1.2 irudiwe.
4. Mipangilio ihifadhiwe, kisha Wi-Fi ya kila kifaa izimwe na kuwashwa tena ili vifaa vichukue maelekezo mapya.
5. Daftari la maulizo katika ukurasa wa Pi-hole litazamwe: kila kifaa kionekane kikiuliza kwa anwani yake.

Ruta nyingi zina sehemu nyingine ya DNS iliyo upande wa WAN, yaani upande unaoitazama kampuni ya intaneti, na ni rahisi kuzichanganya. Anwani ya seva ikiwekwa upande wa WAN, ruta ndiyo itakayouliza kwa niaba ya wote, na daftari litaonyesha mteja mmoja tu. Kibaya zaidi, kama Pi-hole nayo imeelekezwa kuitumia ruta kuwa seva yake ya juu, kila mmoja atamuuliza mwenzake bila kikomo na intaneti ya nyumba itasimama. Seva ya juu ya Pi-hole iwe nje ya nyumba daima.

Ruta zinazogawiwa na kampuni za simu mara nyingi hazina nafasi ya kubadili DNS upande wa LAN. Suluhisho lipo: Pi-hole yenyewe ina huduma ya DHCP. Kwa kuwa haitategemea tena ruta kupewa anwani, seva iandikiwe kwanza 192.168.1.2 katika mipangilio yake ya mtandao. Kisha huduma ya ruta izimwe, na papo hapo ya Pi-hole iwashwe kwa kuitajia safu ya anwani, kwa mfano kutoka 192.168.1.50 hadi 192.168.1.200, pamoja na 192.168.1.1 kuwa anwani ya ruta. Huduma mbili za DHCP zisiwashwe pamoja katika mtandao mmoja, kwa sababu kila kifaa kitafuata ile iliyowahi kujibu, na hitilafu itakuwa ya kubahatisha: leo ipo, kesho haipo. Ikumbukwe pia kwamba kwa mpangilio huu seva ikizimika vifaa vipya havitapata anwani kabisa, jambo linalozidisha uzito wa yale yaliyosemwa kuhusu umeme.

Pale matangazo yanapoendelea kupenya

Kosa linaloongoza ni kuandika 8.8.8.8 au 1.1.1.1 katika nafasi ya DNS ya pili kwa nia njema ya kuwa na akiba. Vifaa havichukulii anwani ya pili kuwa akiba ya dharura. Vingi huuliza yoyote kati ya hizo mbili wakati wowote, na matokeo yake ni matangazo yanayokuja na kuondoka bila utaratibu. Mwenye kutaka akiba ya kweli asimike Pi-hole ya pili katika mashine nyingine.

Chanzo cha pili ni IPv6, mfumo mpya wa anwani ndefu unaokwenda sambamba na ule wa zamani. Ruta inaweza kuwa inatangaza seva yake ya DNS kwa njia ya IPv6 huku msimamizi ameshughulikia IPv4 tu, na vifaa vikapitia mlango huo ulioachwa wazi. Ama anwani ya IPv6 ya Pi-hole iandikwe kwenye ruta, ama utangazaji wa DNS kwa IPv6 uzimwe.

Chanzo cha tatu ni DNS iliyosimbwa, ambapo kifaa huuliza majina kwa siri moja kwa moja kutoka seva ya nje. Tangu toleo la 9 la mwaka 2018, Android ina mpangilio uitwao "Private DNS". Ukiwa umewekwa kujiamulia wenyewe hauleti shida, lakini ukiwa umeandikiwa jina la seva fulani, simu hiyo huipita Pi-hole. Vivinjari navyo vina mpangilio wa namna hiyo. Firefox, kabla ya kuuwasha yenyewe, huuliza jina use-application-dns.net, na Pi-hole hulijibu kwa namna inayoizuia isiuwashe. Hata hivyo mtumiaji aliyeuwasha kwa mkono wake huheshimiwa na kivinjari, na inafaa aheshimiwe na mwenye seva pia. Mtu mzima aliyechagua njia yake asipigwe vita ndani ya nyumba moja kwa ajili ya matangazo.

Kuna hatimaye vifaa, hasa baadhi ya televisheni janja, vilivyotengenezwa viulize 8.8.8.8 hata vikielekezwa kwingine. Ruta yenye uwezo wa kugeuza njia inaweza kuyarudisha maulizo hayo kwa Pi-hole. Ruta ya kawaida haiwezi.

Orodha fupi inayotunzwa

Ukurasa wa mbele wa Pi-hole huonyesha idadi ya majina yaliyomo katika orodha, na namba hiyo huwavuta wengi kuongeza orodha juu ya orodha hadi ifike mamilioni. Ushauri thabiti wa mwongozo huu ni kinyume chake. Kila orodha inayoongezwa huleta majina yaliyowekwa humo kimakosa, na gharama ya kosa hailipwi na msimamizi anayejua kulirekebisha, bali hulipwa na mama mkubwa anayejaribu kufungua ukurasa wa malipo ya bima na kuona skrini nyeupe. Orodha ya StevenBlack inatosha kuanzia, na katika nyumba nyingi inatosha kuendelea nayo. Hufanywa upya na Pi-hole yenyewe mara moja kwa wiki, na amri ya *sudo pihole -g* huifanya upya wakati wowote.

Mwanafamilia akilalamika kuwa kitu hakifunguki, utaratibu uwe huu:

1. Uzuiaji usitishwe kwa dakika tano kwa amri *sudo pihole disable 5m* na ukurasa ufunguliwe tena. Ukikwama bado, Pi-hole haihusiki na chanzo kitafutwe kwingine.
2. Ukifunguka, uzuiaji urejeshwe, ukurasa ufunguliwe mara nyingine, na daftari la maulizo litazamwe kwa dakika hiyo.
3. Jina lililozuiwa ambalo linahusiana na huduma iliyokwama liruhusiwe, jina moja kwa wakati mmoja.
4. Sababu ya kuliruhusu iandikwe katika nafasi ya maelezo, kwa kuwa baada ya miezi sita hakuna atakayekumbuka.

Malalamiko mawili hujirudia: viungo vya kulipiwa vinavyotokea juu ya matokeo ya utafutaji wa Google, ambavyo hupitia jina la seva ya matangazo, na viungo vya barua-pepe za maduka, ambavyo hupitia seva ya kuhesabu wasomaji. Kama mtu mmoja anavihitaji kwa kazi yake, sehemu ya makundi katika Pi-hole humwezesha msimamizi kukiondolea kifaa chake uzuiaji bila kuwafungulia wengine.

Lipo pia suala la haki ambalo halipaswi kufunikwa. Magazeti na tovuti za habari, zikiwemo za Afrika Mashariki, huishi kwa matangazo hayohayo yanayozuiwa, na DNS haina njia ya kuruhusu matangazo ya gazeti moja na kuyakataa ya jingine, kwa kuwa mara nyingi yote hutoka kwa seva zilezile za matangazo. Msomaji anayelithamini gazeti fulani alilipie moja kwa moja, kwa usajili au kwa kununua nakala.

Saa, sahihi na umeme uliorudi

Aina nyingi za Raspberry Pi hazina saa inayoendelea kuhesabu zikizimwa, kwa hiyo umeme ukirudi baada ya saa nane, mashine huamka ikidhani bado ni wakati uleule ilipozimika. Kwa kawaida hujirekebisha kwa kuuliza seva za saa kwenye intaneti. Shida hutokea kama DNSSEC imewashwa ndani ya Pi-hole. DNSSEC ni utaratibu wa kuhakiki kwa sahihi za kidijitali kwamba jibu la DNS halikughushiwa, na sahihi hizo zina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Saa ikiwa nyuma, sahihi halali huonekana batili, majibu hukataliwa, na jina la seva ya saa lenyewe linaweza kuwa miongoni mwa yanayokataliwa. Nyumba hubaki bila intaneti huku kila taa ikiwaka vizuri. Kwa kuwa Quad9, Cloudflare na Google huhakiki sahihi hizo tayari kwa upande wao, nyumba yenye umeme wa mashaka inaweza kuiacha DNSSEC ya Pi-hole ikiwa imezimwa.

Siri za watu wa nyumbani

Daftari la maulizo huonyesha kila jina lililoulizwa na kila kifaa, kwa saa na dakika. Humo yamo maswali ya afya, ya imani, ya ndoa na ya kutafuta kazi nyingine, na mwenye kulisoma huyajua mambo ambayo wenyewe hawakumwambia. Pi-hole ina viwango vya faragha kuanzia 0, kinachoonyesha kila kitu, hadi 3, kinachoficha majina ya tovuti na ya vifaa pia. Kiwango cha 0 kitumike katika wiki za mwanzo za kutafuta makosa, kisha kipandishwe. Zaidi ya hayo, watu wazima wa nyumba waambiwe kuwa seva ipo na inaandika nini. Kusimika kifaa cha namna hii kimyakimya ni kuwachunguza, hata kama nia ilikuwa kuzuia matangazo.

> Onyo: Seva isifunguliwe kwa ulimwengu
> Poti namba 53, yaani mlango wa kimtandao unaopokea maulizo ya DNS, isielekezwe kamwe kutoka intaneti kuja kwa Pi-hole. Seva ya DNS iliyo wazi hutafutwa na wahalifu na kutumiwa kumwaga mafuriko ya data kwa watu wengine, kwa kuwa swali dogo huweza kuzaa jibu kubwa linalotumwa kwa anwani ya kughushi. Mwenye kutaka kuitumia akiwa mbali atumie VPN, yaani njia iliyosimbwa ya kuingia katika mtandao wa nyumbani, kwa mfano WireGuard.

Orodha ya kukagua kabla kazi haijahesabiwa kuwa imekwisha

☐ Seva ina anwani isiyobadilika na imefungwa kwa kebo.
☐ Ruta na seva zina umeme wa akiba mmoja, au zote hazina.
☐ DNS ya pili iko wazi au imerudia anwani ya Pi-hole.
☐ IPv6 imeshughulikiwa.
☐ Poti 53 haijafunguliwa kwa nje.
☐ Nakala ya mipangilio imehifadhiwa kwa kutumia sehemu ya Teleporter iliyomo katika ukurasa wa usimamizi, na imewekwa nje ya seva yenyewe.
☐ Siku ya mwezi ya kuendesha *sudo pihole -up*, amri inayosasisha programu, imepangwa.
☐ Seva imezimwa kwa makusudi mara moja, na mtu mwingine wa nyumbani ameweza kuirudisha intaneti bila msaada.

Kipengele cha mwisho hufanikiwa kwa karatasi moja. Iandikwe kwa Kiswahili chepesi: anwani ya ruta, mahali nenosiri lake lilipohifadhiwa, sehemu ya kufungua, na maneno "futa 192.168.1.2, andika 9.9.9.9, hifadhi, kisha zima na washa ruta", na kama Pi-hole ndiyo inayogawa anwani, maneno hayo yabadilishwe kuwa "washa DHCP, hifadhi, kisha zima na washa ruta". Karatasi hiyo ibandikwe ubavuni mwa ruta siku ileile seva inapowashwa, kwa sababu siku itakapohitajika aliyeisimika seva huenda yuko safarini, na simu yake haipatikani.